Duka la Nzilani

Musembi alimjengea binti yake duka la dawa kabla binti mwenyewe hajamaliza mwaka wa pili wa chuo kikuu. Watu wa soko la Kalamba walicheka, lakini walicheka wakiwa wamefunika midomo, maana Musembi alikuwa mzee wa kanisa, na kabla ya hapo alikuwa nyapara wa genge la reli kule Makindu. Mtu aliyezoea kuamuru wanaume wazima wainue chuma hachekwi hivi hivi.

Lilikuwa duka la kweli. Mawe ya kuchonga, sakafu ya simiti, mabati mazito, mlango wa chuma uliochomelewa Makindu na kuletwa kwa lori. Juu ya mlango fundi rangi aliandika kwa herufi za kijani: NZILANI CHEMIST. Kila alipofunga chuo na kurudi nyumbani, Nzilani alipita chini ya jina lake mwenyewe akiwa ameinamisha kichwa, na kila mama aliyekuwa akiuza nyanya hapo nje alimuuliza swali lile lile: unafungua lini?

Likizo moja babake alimwingiza ndani, akamsimamisha nyuma ya kaunta tupu, naye akasimama upande wa mnunuzi, kofia mkononi.

"Haya, daktari. Niambie. Dawa inatunzwaje?"

Nzilani alikuwa na umri ule ambao mtu akijua jambo moja hujiona amemaliza yote. Akamwambia babake kwamba dawa ina maadui watatu, hewa, mwanga na unyevu, na kwamba chombo chake lazima kifungwe kabisa na kiwekwe mahali pa giza. Alisema vizuri, kwa mkono kiunoni, kama mhadhiri wake. Musembi alimsikiliza jinsi alivyosikiliza mahubiri. Wiki iliyofuata akaleta fundi, matundu yote ya hewa yaliyokuwa juu ya kuta yakazibwa kwa simiti, na kwa mwezi mzima hakukuwa na mtu Kalamba ambaye hakuambiwa kuhusu maadui watatu wa dawa.

Nzilani akahitimu. Serikali ikampeleka Kitui, hospitali ya wilaya, akae nyuma ya dirisha la famasia. Kazi ya dirisha lile, tusidanganyane, ingeweza kufanywa na mtu mwenye nusu ya elimu yake. Soma karatasi, hesabu vidonge, funga, sema "moja mara tatu", ita mwingine. Alikuwa amejaza kichwa chake mambo ya mimea na sumu na jinsi ini linavyofanya kazi, na hakuna aliyekuwa akimuuliza lolote ila kama dawa hii inanywewa kabla ya chakula au baada. Alihesabu vidonge mpaka akawa anaota anavihesabu. Hakulalamika. Alijua kipindi chake cha kuitumikia serikali kikiisha atarudi Kalamba, asimame chini ya herufi za kijani, ahesabu vidonge vyake mwenyewe.

Kisha wakaja watu wa kijiji cha Tulia.

Ilikuwa baada ya njaa ya mwaka wa themanini na nne, ile Wakamba waliyoiita Nĩkw'a Ngwete, nakufa nimeshika, kwa sababu watu walikuwa na pesa mkononi na hakuna chakula cha kununua. Mvua iliporudi, hofu haikuondoka. Watu walivuna haraka, wakaingiza mahindi mabichi ndani ya nyumba wanamolala, wezi wasije wakayaona. Na nyumba moja ya Tulia ikaanza kuumwa. Nyanya wa boma aligeuka macho manjano, tumbo likafura. Akafuata mjukuu, akafuata mwingine. Aliyekuwa mzima ni Kavata, mke wa kijana wa boma lile. Alikuwa amekwenda kwao kumuuguza mama yake. Alipika, akaacha chakula kwenye sufuria, akaondoka. Ukoo wa mumewe haukuhitaji ushahidi zaidi ya huo.

Shemeji yake alimleta mpaka dirishani kwa Nzilani akiwa amemshika mkono wa juu, jinsi mtu anavyoshika mbuzi.

"Daktari wa dawa, wewe unajua mambo ya sumu," akasema. "Muulize huyu alitumia gani. Wewe akikudanganya utajua."

Kavata alikuwa amelia mpaka amemaliza.

Nzilani akamtazama, akauliza, "Walikula nini?"

"Isyo. Mahindi na maharagwe. Tumekwambia ni yeye alipika."

"Sijauliza nani alipika. Mahindi yenyewe yako wapi? Niletee."

Waliyaleta siku iliyofuata, ndani ya kitambaa, wakiamini wanaleta ushahidi wa kumfunga mwanamke. Yalikuwa na ukungu wa kijani kwenye mioyo ya punje. Nzilani aliwahi kusoma kurasa chache tu kuhusu jambo lile, na hakuwa na hakika, kwa hiyo akayatuma Nairobi kwenye maabara. Majibu yakarudi: sumu ya ukungu, kiasi cha kuua. Nyanya alikuwa ameshafariki. Wajukuu walipona, mmoja kwa shida.

Kavata alirudi siku moja. Alisimama dirishani bila karatasi, foleni ikamngoja nyuma.

"Unataka dawa gani?" Nzilani akamuuliza.

"Sitaki dawa. Nilikuja tu kukuangalia," Kavata akasema, akamwangalia kidogo, akaenda zake.

Nzilani aliita mwingine, akahesabu vidonge, akakosea, akaanza upya. Alikuwa na furaha ambayo hakuwahi kuipata kwenye kazi ile, na ndani ya furaha hiyo hofu, maana alijua tayari kwamba hatakaa nyuma ya kaunta yoyote, hata ile yenye jina lake.

Akaomba nafasi ya masomo. Ilichukua muda, lakini mwalimu wake wa zamani alimpigania, na mwishowe akapata chuo huko Uskochi, asomee sumu zinazoota kwenye vyakula. Akaenda Kalamba kumwambia babake. Mama yake, Kalunde, aliyekuwa akichagua maharagwe, aliposikia neno la kwanza tu alichukua uteo wake akahamia jikoni.

"Umesomea dawa," Musembi akasema, taratibu, kama anayetaka kuhakikisha amesikia. "Miaka yote hiyo. Sasa unaenda Ulaya kusomea sumu."

"Sumu ya mahindi, baba. Inatoka kwa ukungu."

"Ukungu! Mama yako hakufika darasa la tatu na anajua ukungu. Akiona mahindi imeoza anatupia kuku. Hiyo ndiyo unaenda kusomea na ndege?"

"Baba, watu wanakufa."

"Watu wanakufa na malaria, na hapa Kalamba hakuna mahali ya kununua dawa. Nimeambia watu nini miaka yote hii? Wananiuliza kila Jumapili. Nitawaambia binti yangu ameacha dawa ameenda kuangalia mahindi?" Kisha akasema lile lililouma zaidi, tena kwa sauti ya chini: "Haya, nenda. Siku ukitaka hiyo duka, utaniomba ufunguo. Mimi sitakuuliza tena."

Na hakuuliza. Musembi alikuwa mtu wa namna hiyo, na Nzilani alikuwa amezaliwa na yeye hasa, kwa hiyo naye hakusema.

Aliporudi kutoka Uskochi mwaka wa themanini na saba, serikali ilimpa Landrova iliyochoka na dereva aitwaye Kinuthia, mtu wa Murang'a aliyeoa Makindu na kuapa kwamba joto la huko litamuua, lakini hakuhama. Wakazunguka Kitui na Makueni, boma kwa boma na soko kwa soko. Chombo chake kikubwa kilikuwa bambo, kile kichuma chenye ncha na mfereji ambacho wanunuzi wa nafaka huchomea gunia kuona kilicho ndani. Cha pili kilikuwa taa ya betri yenye mwanga wa zambarau, ambayo ukiyamulika mahindi nayo gizani, yale yaliyoingiwa na ukungu ule mbaya hung'aa. Watu walimwita daktari wa mahindi. Wenzake wa darasani walikuwa na maduka ya dawa Machakos na Nairobi, na mmoja alipomkuta barabarani na bambo mkononi na vumbi mpaka kwenye kope, alimuuliza kwa huruma ya kweli ni wapi alipokosea. Nzilani alicheka. Aliipenda kazi ile kupita kiasi. Jambo moja tu lilimkera: kila alipopita nyumbani, babake alimpokea vizuri, kwa heshima, akamuuliza habari za safari na habari za kazi bila kutaja ni kazi gani. Alimpokea kama mgeni kutoka makao makuu ya kanisa.

Mapema mwaka wa themanini na nane Kalamba ilivuna kuliko miaka mingi iliyotangulia. Kanisa likakaa, likakumbuka njaa, likakumbuka yale mahindi ya manjano ya msaada ambayo watu walikula wakiona aibu, na likakubaliana kwamba kila nyumba itoe magunia yawekwe pamoja, yaje yagawanywe Septemba wakati maghala ya watu yameisha. Swali likawa, yawekwe wapi? Musembi akasimama. Akasema ana jengo, la mawe, lenye mlango wa chuma, limekaa bure. Alipotamka neno "bure" hakuna aliyemtazama usoni.

Akina mama wa mwethya, kikundi cha kusaidiana kazi, walibeba magunia kwa mgongo siku mbili, wakiimba. Mvua ya kuchelewa ilikuwa imewakuta wengi wakianika, kwa hiyo wengine walileta mahindi makavu na wengine walileta ambayo wangeyaanika kidogo zaidi kama mawingu yangewapa nafasi. Musembi akayapanga sakafuni, juu kwa juu, mpaka karibu na paa. Kisha akakata mipira ya tyubu kuukuu akaipigilia kuzunguka fremu ya mlango, akafunga, akaning'iniza ufunguo shingoni ndani ya shati.

"Hata mdudu hapumui humo," akawaambia wazee wenzake.

Jumamosi moja ya Septemba, wakitoka Makindu, Nzilani alimwambia Kinuthia wapitie nyumbani awasalimie wazee. Hakujua kwamba kesho yake ndiyo siku ya kugawa. Kalunde aliwapokea kwa furaha, kisha Kinuthia alipokaribishwa kitini, mama wa watu akaanza kuhangaika mlangoni, akiingia na kutoka. Mwishowe akamvuta binti yake kando.

"Nimeaibika. Huyu mgeni hajawahi kukanyaga kwangu na sina hata kuku moja ya kumchinjia. Zote zimekufa. Kideri."

"Pole, mwaitu. Na za jirani?"

"Za jirani ziko. Ziko tu zinapiga kelele."

Nzilani alikuwa ameinua kikombe cha chai. Akakiweka chini. Kideri kikiingia kijijini hakichagui boma.

"Kuku ulizilisha nini?"

"Nini tena? Makapi. Baba yako alileta mahindi kidogo kutoka stoo ya kanisa aone kama imekaa vizuri. Nikatwanga kutoa maganda, nikapika muthokoi, makapi nikatupia kuku."

"Na hiyo muthokoi mlikula?"

"Tulikula. Baba yako alisema ni tamu. Mimi niliona kama ni chungu kidogo, lakini nikanyamaza. Si ni ya kanisa?"

Nzilani alimshika mamake mabega, akamgeuza kwenye mwanga wa mlango, akamvuta ngozi ya chini ya jicho. Jicho lilikuwa jeupe. Akavuta la pili. Jeupe.

"Kwani unanitafutia nini machoni?" Kalunde akauliza.

"Kuku wamekula makapi, na sumu hujaa kwenye makapi kwanza. Mahindi yale usiyapike tena, mwaitu. Baba yuko wapi?"

Musembi alikuwa kwenye kibaraza cha duka, akipaka kufuli mafuta kwa ajili ya kesho. Alisalimia, akamsalimia na Kinuthia, akauliza habari za barabara.

"Baba, naomba nione mahindi yaliyo ndani."

"Stoo inafunguliwa kesho baada ya ibada, mbele ya watu wote. Tulikubaliana hivyo, mtu asije akasema Musembi aliingia mbele akajipimia."

"Mbona ulitoa ya kuonja?"

"Nilitoa kwa gunia yangu, nikiwa na Musyoka, katibu wa kamati. Muulize."

"Baba, kuku wa mama wamekufa kwa sababu ya mahindi haya."

"Kuku zimekufa kideri." Aliendelea kupaka mafuta. "Umeanza na ya Tulia, sasa umefika kwa baba yako. Hata hujaona ndani na umeshahukumu."

Kinuthia akakohoa. "Daktari, si tuko na ruhusa ya serikali? Niende niite chifu."

"Ita," Musembi akasema. "Ita na askari. Wamfunge mzee kwa mlango yake, watu wa soko waone."

Chifu alikuwa mjini Wote kwa mkutano na hangerudi kabla ya Jumatatu. Jumatatu kila jiko la Kalamba lingekuwa na sufuria ya mahindi yale motoni. Nzilani alimtazama babake, kamba ya ufunguo ikionekana kwenye ukosi wa shati lake. Yalikuwepo maneno ambayo yangeufungua mlango ule. Aliyajua. Alijua pia jinsi babake atakavyoyasikia. Akayasema.

"Baba, nataka kuona duka langu."

Mkono wa Musembi ukasimama.

"Umesema?"

"Duka langu. Uliniambia siku nikilitaka nikuombe ufunguo. Nakuomba."

Mzee aliinuka polepole. Alivua kofia, akaivaa tena. Alijifuta mafuta kwenye vidole kimoja kimoja, kisha akatoa ile kamba shingoni, na uso wake ukalegea hata Kinuthia, ambaye hakujua lolote, akaangalia pembeni.

"Nilijua," akasema. "Mama yako alikuwa anasema hutarudi, mimi nilijua. Mahindi itatoka kesho yote. Jumatatu fundi anakuja kupiga rangi, nilikuwa nimemwambia apige tu, ikae safi. Shelfu nitaweka huu upande, jua kali isifike dawa. Ama unataka wapi?"

Nzilani angeweza kumkatiza. Hakumkatiza, kwa sababu ufunguo ulikuwa bado haujafika mkononi mwake. Moyo ulimuuma kama umebanwa mlangoni, lakini alinyoosha mkono, akaupokea, akafungua.

Joto likawatokea usoni. Lilikuja na harufu ya nguo mbichi zilizosahaulika kwenye beseni. Kinuthia akarudi nyuma hatua moja. Nzilani alipitisha mkono katikati ya magunia mawili, akaukuta ukungu na unyevu, na lile joto la mahindi yanayojipika yenyewe. Akachoma bambo. Punje zilitoka kwa kusukumwa, zimeshikana.

"Ni harufu ya kufungwa tu," Musembi akasema. "Ikipata upepo itatoka."

"Funga mlango, baba."

"Kwa nini?"

"Taa yangu inataka giza."

Akafunga. Mahali pengine kote, Nzilani alilazimika kujifunika blanketi ili apate giza la kutosha mchana. Humu hakuhitaji. Babake alikuwa amelijenga mwenyewe, hakuna tundu lililobaki, na mipira ya tyubu ilikuwa imekula hata ule mstari wa mwanga chini ya mlango. Akaponda punje kidogo kiganjani, akawasha taa. Kiganja chake kikajaa vidoa vya kijani-manjano, vinang'aa.

"Umeweka dawa gani hapo?" sauti ya babake ikauliza gizani.

"Sijaweka kitu. Ndivyo mahindi yenyewe yalivyo."

Musembi alimpokonya bambo. Alichoma gunia alilolichagua yeye, la chini kabisa, akaleta punje kwenye mwanga. Ziling'aa. Akachoma lake mwenyewe. Zikang'aa. Akachoma la mjane mmoja, akachoma la Musyoka, akahema, akachoma tena. Punje za gunia moja zikabaki nyeusi.

"Hii haijawaka."

"Haijawaka. Lakini siwezi kusema ni nzima. Taa hii inashuku tu, baba. Kuthibitisha ni maabara ya Nairobi."

"Kwa hivyo hujui."

"Sijui yote. Najua kuku wamekufa. Na najua nikikosea watu watalala njaa, na nikinyamaza kuna watakaozikwa."

Musembi akasema, kama anayejieleza mbele ya bosi wa reli, "Nilifunga kabisa. Hakuna hewa, hakuna mwanga. Vile tu ulinifundisha."

Nzilani alizima taa. Hakutaka kuuona uso wake, wala yeye kuonekana.

"Nilisema dawa, baba."

"Nilifikiria kitu inatunza dawa haiwezi kushindwa na mahindi."

"Kidonge ni kikavu, hakina uhai. Mahindi yanapumua. Ukiyafungia yakiwa na unyevu yanatoa jasho, na jasho halina pa kutokea."

"Hukuniambia."

"Sikukuambia."

Ndio ukweli. Alikuwa amewaambia watu wa Tulia, wa Mutomo, wa Kathonzweni. Alikuwa amesimama kwenye masoko na kipaza sauti cha serikali. Nyumbani alikuwa akinywa chai, akijibu habari za barabara, akaondoka.

"Niambie kitu moja," Musembi akasema. "Leo ulikuja kwa duka, ama ulikuja kwa mahindi?"

"Kwa mahindi, baba."

Mlango ukafunguliwa, na mzee akatoka kwenye jua, akaenda nyumbani kwa miguu bila kumngoja mtu. Ufunguo hakuuomba.

Kesho yake Kinuthia aliegesha Landrova imeuziba mlango wa duka, kwa uamuzi wake mwenyewe, akaketi juu ya boneti. Ndani ya kanisa Nzilani hakusikia mahubiri. Alikuwa ameyapanga maneno atakayosema kama babake atanyamaza, na kila alipoyarudia yalizidi kuwa machungu, kwa sababu yote yalianza na "baba yangu amekosea".

Baada ya ibada watu walimiminika sokoni na viondo na magunia matupu, wamechangamka. Musyoka alikuwa mbele.

"Mzee, fungua, jua ni kali. Na hii gari ya serikali inafanya nini hapa?"

Musembi alipanda ngazi, akageuka.

"Mahindi imeharibika," akasema. "Mimi ndiye niliharibu. Nilifungia ikiwa na maji. Ikiliwa itaua watu."

Kelele zikapanda. Mmoja alisema yameuzwa. Mwingine alisema huyo binti ndiye amekuja kuyachukua kwa ajili ya serikali. Musyoka akanyamazisha watu kwa mkono.

"Mzee, ukungu si kitu mpya. Tunaosha, tunatwanga muthokoi, tunakula. Hata wazazi wetu walikula."

"Kuja," Musembi akamwambia. "Gunia yako nitakuonyesha ya kwanza."

Wakaingia wanaume hao wawili na Nzilani na taa yake, mlango ukafungwa. Musyoka alipotoka alikuwa akijifuta viganja kwenye suruali, na aliendelea kujifuta. Wakaingia wengine, wanne wanne, kina mama na watoto mgongoni, na waliokuwa wakipiga kelele zaidi waliingia mwisho. Waliotoka walisimama kando na viondo vyao vitupu.

Mama mmoja, mmoja wa wale wauza nyanya wa siku zote, akauliza kwa sauti isiyo na hasira, na hiyo ndiyo ilikuwa mbaya zaidi: "Sasa mzee, tumengoja tangu mwezi wa tatu. Tunarudi nyumbani na nini?"

Musembi alivitazama viondo vyao.

"Hakuna," akasema. "Nitaenda kwa D.O. kesho kuomba ile ya manjano. Nitaomba mimi, aibu iwe yangu. Lakini kwa hii duka leo hamtoki na kitu." Akamtazama binti yake. "Mwenye duka, funga."

Nzilani alifunga. Ufunguo ulikuwa mzito kuliko alivyoudhania jana.

Majibu ya Nairobi yalikuja baadaye, na hayakumshangaza mtu. Magunia yalichomwa kwenye shimo la machimbo ya mchanga, Kinuthia akisimamia na kulaani moshi. Kalamba ilikula mahindi ya manjano mwaka ule na kununa, na hakuna aliyezikwa kwa sumu ile.

Lakini Jumatatu ile fundi rangi alikuja kama alivyoambiwa, na alipofika alikabidhiwa nyundo na patasi. Musembi mwenyewe, aliyekuwa amerudi kutoka ofisi ya D.O., alikuwa juu ya ngazi, mabega meupe kwa vumbi la simiti, akizibua matundu aliyokuwa ameyaziba. Mwanga ulikuwa ukiingia kwa vipande. Nzilani alikuwa amekuja kuaga. Kazi ilimngoja Kitui.

Babake alishuka alipomwona. Alimwashiria apite kando ya magunia aende nyuma ya kaunta, kwenye vumbi, naye akazunguka akasimama upande wa mnunuzi. Akavua kofia.

"Haya, daktari," akasema. "Niambie. Mahindi inatunzwaje?"

Nzilani aliiweka mikono yote miwili juu ya kaunta. Mzee akamngoja, kofia mkononi.

"Polepole," akasema. "Na safari hii usiache kitu."